Jinsi ya Kuomba Ridhaa, Kupiga na Kuchapisha Picha ya Mtu: Mwongozo Kamili kwa Wenye Kurasa za Habari Bagamoyo

Vijana ninaowafundisha hapa Bagamoyo kukusanya habari kwa simu wananirudia na kosa moja. Picha ni nzuri, mwanga umekaa, habari ina maana. Zinapita siku mbili, aliyepigwa anakuja analalamika, au mumewe anakuja, au mwenyekiti wa mtaa anapiga simu. "Hakukubali." Kijana naye anaapa kwamba mama alisema "haya, piga."

Nimeshasuluhisha kesi za namna hii mara nyingi, na mara nyingi wote wawili walikuwa wakisema kweli. Mama alisema "haya." Lakini "haya" yake ilikuwa adabu ya kumpokea mgeni, wala haikuwa ruhusa ya kupelekwa mbele ya watu asiowajua. Sisi watu wa pwani hatukuzoea kumwambia mgeni "hapana" usoni. Asiyelielewa hilo atarudia kosa hata akiwa na kamera ya mamilioni. Nimeandika hatua hizi kwa mpangilio ninaoufuata mwenyewe, na nakuomba usiruke hata moja.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kutoka

Simu au kamera yenye chaji ya kutosha na nafasi ya kuhifadhi.

Daftari dogo na kalamu. Kumbukumbu za ridhaa zisikae kwenye simu peke yake, maana simu huibiwa, huanguka majini, huzimika.

Karatasi za ridhaa, kila moja isizidi nusu ukurasa, kwa Kiswahili ambacho bibi yako angekielewa akisomewa. Chukua na pedi ya wino, kwa kuwa wapo wanaopendelea kuweka dole gumba.

Vipande vya karatasi vyenye jina lako, jina la ukurasa na namba yako ya simu. Kata hata ishirini. Kila unayempiga picha abaki na kimoja.

Habari moja uliyokwisha kuichapisha, ikiwa na picha ya mtu, uihifadhi kwenye simu ili uweze kuionyesha hata bando likiwa limekwisha.

Pesa kidogo ya kusafisha picha kwenye karatasi baadaye.

Mwisho, mtu mmoja mwaminifu anayewafahamu watu wa mtaa unaokwenda, lakini hahusiki na habari yako. Kazi yake utaiona katika hatua ya saba.

## Hatua ya 1: Jiulize kama uso unahitajika

Andika daftarini sentensi moja: habari hii inasema nini? Chini yake andika: uso wa nani unaisaidia kusemeka?

Habari ya bei ya dagaa kupanda haihitaji uso wa mchuuzi mmoja akiwa amekunja sura. Habari ya fundi mwenye miaka arobaini ya kuchonga ngalawa inauhitaji uso wake, na pengine yeye mwenyewe ataufurahia. Habari ya msichana aliyepigwa na mwenye nyumba anakofanya kazi haihitaji uso wake hata kidogo, hata akikubali.

Uamuzi huu ufanyike nyumbani. Ukifika sokoni, moshi wa samaki ukipanda kwenye mwanga wa jioni na rangi za kanga zikiwaka, jicho la mpiga picha litakushinda.

## Hatua ya 2: Zima alama ya mahali kwenye kamera

Simu nyingi huandika ndani ya faili la picha mahali ilipopigwa, kwa vipimo vya setilaiti, pamoja na tarehe na saa. Macho hayaoni, lakini anayejua pa kutazama atalipata jina la uchochoro. Ukimficha mtu uso na kuacha alama hiyo, umeacha njia ya kufika mlangoni kwake.

Fungua mipangilio ya kamera, tafuta palipoandikwa habari za mahali, zima. Kisha piga picha ya majaribio na uifungue sehemu ya maelezo yake. Ramani isipotokea, umefanya sawasawa.

Tahadhari moja: WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huziondoa alama hizo, lakini picha ileile ikitumwa kama hati hufika nazo zote. Wengi wetu tunatuma kwa hati ili picha isipoteze ubora. Ndiyo maana nasema zima mapema.

## Hatua ya 3: Piga hodi

Soko la samaki halina mlango, lakini lina wenyewe. Hivyo hivyo vichochoro vya Mji Mkongwe wa hapa Bagamoyo, na mashamba ya mwani kule Mlingotini. Anza kwa uongozi wa soko au serikali ya mtaa. Jitambulishe, sema utakaa muda gani na unatafuta nini.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wakishapata baraka za mwenyekiti, wanaona kazi imekwisha. Mwenyekiti amekuruhusu kuingia eneo lake. Uso wa mama anayepaka samaki chumvi haumo katika mamlaka yake. Tena ukienda umeongozana na kiongozi, huyo mama atakubali kwa kumwogopa kiongozi. Mwombe kiongozi akufikishe, akutambulishe, kisha mwambie kwa heshima utaendelea mwenyewe.

Kwa upande wako kuna jambo la kulinda pia. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2020 zinamtaka anayetoa huduma ya habari mtandaoni awe na leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA). Ukiulizwa, jibu kweli. Kama huna, usijiite chombo cha habari.

## Hatua ya 4: Omba ridhaa iliyo ridhaa

Hii ndiyo hatua nitakayokaa nayo zaidi.

Kwanza, weka simu mfukoni. Ukizungumza na mtu huku umeinua simu, tayari umemwambia kwamba jibu lake halibadilishi kitu.

Salimia hadi salamu iishe. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, hujambo?" "Sijambo mama, poleni na kazi." "Ahsante, karibu samaki." Acha mazungumzo yatembee kidogo. Kama ana mteja, subiri. Anayeuza samaki wa jioni ana saa chache tu za kupata riziki, na ukimzuilia mteja umeshamgharimu.

Kisha sema mambo matano, kwa sauti, moja baada ya lingine: wewe ni nani, unataka kumpiga picha kwa ajili ya habari gani, picha itaonekana wapi na nani ataiona, itakaa muda gani, na kwamba anaweza kukataa sasa, au kukubali sasa na kubadili mawazo baadaye.

La tatu ndilo linalokosewa. "Nitaweka mtandaoni" kwa mtu asiyetumia mitandao ni sawa na kusema "nitaweka huko." Toa simu, mwonyeshe habari uliyoihifadhi. Mwonyeshe kwamba watu wameandika maoni chini yake, na kwamba mwanawe aliyeko Dar es Salaam au Muscat anaweza kuiona leo hii hii, na mtu asiyempenda anaweza kuihifadhi. Ndiyo, utawapoteza wengine hapa. Hao ndio ambao wangekuja kulalamika.

Maneno ninayotumia ni kama haya: "Mama, mimi naandika habari za hapa mjini, zinasomwa kwenye simu. Nataka kuandika jinsi kuni zilivyopanda bei kwa nyie wakaangaji. Naomba kukupiga picha ukiwa kazini na kuandika jina lako. Picha itaonekana hivi, tazama. Anaweza kuiona jirani, shemeji, mtu wa nchi nyingine. Nikishaiweka naweza kuifuta kwangu, ila aliyeichukua siwezi kumfuata. Ukitaka tusipige, tutazungumza tu na mimi sitakasirika."

Halafu mrudishie swali: "Hebu niambie mama, ulivyonielewa, picha hii inakwenda wapi?" Akijibu "kwa serikali watuletee msaada," au "kwa wazungu," ujue hajakuelewa, anza tena. Hili la msaada ni zito. Watu wengi wamezoea kupigwa picha na mashirika, na wanaamini kila picha ina mkopo au mfadhili nyuma yake. Ukimwacha na tumaini hilo, umeipata ridhaa yake kwa deni usiloweza kulilipa.

Sasa jifunze kuisikia "hapana" ya pwani. "Inshallah ukipita kesho." "Ngoja kwanza nimuulize baba watoto." "Piga hao wenzangu, mimi sina sura." Kucheka na kuvuta kanga mdomoni. Kuinama na kuzidisha kasi ya kuparua samaki. Kumtazama mwenye genge kabla ya kukujibu. Haya yote ni majibu kamili. Ukimbembeleza mara ya pili utaambiwa "haya basi," na hiyo "haya basi" ndiyo inayorudi na mume wiki ijayo. Shukuru, nunua samaki kama ulikuwa unanunua, nenda kwa mwingine.

Na fedha? Msimamo wangu ni kwamba usitangulize pesa mbele ya jibu. Mtu aliyeona noti ya elfu tano anajibu noti, hakujibu wewe. Lakini pia sikubaliani na wanaosema mwandishi asitoe kitu kamwe. Ukimkalisha mvuvi nusu siku akusimulie mambo yake, umekula muda wake wa kushona nyavu. Baada ya kazi yote, mpe nauli au fidia ya muda, na mwambie wazi ni ya muda. Iandike daftarini.

Mwisho wa hatua hii, iweke ridhaa kwenye kumbukumbu. Karatasi yenye jina, tarehe, mambo matano na sahihi au dole gumba ni bora. Kama hali hairuhusu, rekodi sauti yake akisema mwenyewe alichokubali, baada ya kumwomba umrekodi. Katiba, ibara ya 16, inalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imeipa ridhaa uzito wa kisheria. Karatasi yako ndiyo itakayokutetea. Mpe na kile kipande chenye namba yako ya simu.

Ridhaa ya kweli unaitambua kwa jambo moja: mtu anaanza kuweka masharti. "Piga, lakini usiandike jina la mume wangu." "Subiri nivae mtandio." Anayeweka masharti ameelewa kwamba picha ni yake. Timiza kila sharti alilolitaja.

## Hatua ya 5: Watoto

Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Kijana wa miaka 16 anayebeba samaki kwa nguvu za mtu mzima bado ni mtoto.

Unahitaji ridhaa mbili: ya mzazi au mlezi, na ya mtoto mwenyewe. Mzazi akikubali na mtoto akajificha nyuma ya mlango, jibu ni hapana. Watoto wa ufukweni wakikukimbilia wakipiga kelele "nipige! nipige!" hiyo ni furaha yao ya siku, haitoshi kuwa ruhusa. Wapige, waonyeshe, mcheke pamoja, kisha picha hizo zifutwe kama hukuwafikia wazazi.

Mtoto aliyefanyiwa ukatili, aliyepata mimba, aliyeshtakiwa au aliyeshuhudia uhalifu asionekane kabisa, hata mzazi akikuomba kwa machozi umwonyeshe. Mzazi anatafuta haki ya leo. Mtoto ataishi na picha hiyo akiwa na miaka thelathini. Na ukimficha mtoto kwa kumtaja mama yake mzazi kwa jina, hujamficha.

Sare za shule na kanzu zenye nembo ya madrasa zichunge. Nembo moja inatosha kumwambia mtu mbaya ampate wapi na saa ngapi.

## Hatua ya 6: Kupiga

Chuchumaa au kaa. Mama ameketi kwenye kigoda mbele ya karai, wewe umesimama, picha itakayotoka ni ya mtu anayetazamwa kutoka juu. Shusha kamera ifikie macho yake. Hakuna badiliko dogo linaloipa picha heshima kama hilo.

Piga mtu akifanya anachokijua. Mikono ya mvuvi kwenye uzi wa nyavu ina habari nyingi kuliko sura yake akiwa amekaa kwenye mchanga bila kitu. Wakulima wa mwani wapige wakifunga mbegu kwenye kamba, maji yakiwa yamekupwa. Usiwaombe waonekane wachovu. Nimeona mpiga picha akimwambia bibi "usitabasamu kwanza." Hapo anakuwa ameshatunga habari.

Mahali pengine pa kuweka simu chini: msibani, kaburini, mtu akiwa katika swala, mwanamke akiwa nyumbani kwake bila ushungi, wodi ya hospitali, na wasanii wakibadili nguo nyuma ya jukwaa. Wanafunzi wa TaSUBa, chuo chetu cha sanaa, wakiwa jukwaani wanaigiza ili waonekane. Wakishateremka, omba kama unavyomwomba mtu yeyote.

Ajali inahitaji kauli yake. Bodaboda ikigongana na lori, simu kumi zinatoka mfukoni kabla ya mkono mmoja kumnyanyua majeruhi. Saidia kwanza. Ukishasaidia, piga barabara, gari, alama za breki. Usipige uso, usipige namba ya pikipiki kwa karibu, usichapishe jina kabla ndugu hawajaambiwa na watu wao. Kuna mama hapa mjini aliyejua mwanawe amefariki kwa kuona viatu vyake kwenye kundi la WhatsApp. Aliyetuma aliamini amemficha kwa sababu uso haukuwemo.

## Hatua ya 7: Kumficha mtu aliyeomba kufichwa

Viatu hivyo ndivyo vinavyonileta hapa. Watu wengi huweka kibandiko cha kikatuni machoni pa mtu na kuona wamemaliza. Mgeni hatamtambua, sawa. Lakini asiyetakiwa kumtambua mara nyingi ni jirani, mwajiri, mume, na hao humtambua mtu hata kwa mgongo.

Pita picha yako ukikagua vitu hivi:

- Kanga. Jina la kanga na rangi zake vinajulikana mtaa mzima, hasa kama ilikuwa ya harusi au ya sare.
- Pete, bangili, hina, kovu, kidole kilichokatika.
- Mlango, geti, rangi ya ukuta, mti wa uani. Milango ya kuchonga ya Mji Mkongwe kila mmoja una sura yake.
- Jina na namba ubavuni mwa chombo cha baharini.
- Bango la kibanda lenye namba ya kulipia kwa simu. Ukiiandika namba hiyo kwenye malipo, jina la mwenyewe linatokea.
- Watu walio nyuma yake. Ukimficha yeye ukamwacha dada yake, umemtaja.
- Kioo, dirisha na sufuria inayong'aa, ambavyo hurudisha taswira.

Njia ya kufunika ni muhimu pia. Ukungu mwepesi bado huacha umbo la uso. Kalamu ya kuangazia iliyomo kwenye simu hupitisha mwanga. Ukiipaka hata mara tano, mtu akiongeza mwangaza wa picha anaona kilicho chini. Tumia umbo la rangi moja nzito lisilopitisha kitu, au bora zaidi, kata sehemu hiyo iondoke kabisa. Bora kuliko vyote ni kupiga tangu mwanzo bila uso: kivuli ukutani, mikono, mgongo dhidi ya mwanga wa dirisha. Picha ambayo uso haumo haina uso wa kufichuliwa.

Kwa video na sauti, kuizamisha au kuipandisha sauti kwa programu si kinga, kwani inaweza kurudishwa karibu na ilivyokuwa. Na hata ikibadilika, mtu hujulikana kwa lafudhi na kwa maneno anayopenda kuyarudia. Mwandike maneno yake, mtu mwingine ayasome, na uwaambie wasikilizaji kwamba sauti si ya msimuliaji.

Sasa mwite yule mtu uliyemwandaa mwanzoni, asiyejua habari. Mpe picha dakika moja, muulize tu: "Hapa ni wapi, na huyu unamfahamu?" Akisita na kushindwa, umefaulu. Akisema "si wa pale karibu na kisima?" rudi kazini. Na kumbuka kumwomba akae kimya, kwa hiyo chagua mtu mwenye kifua.

## Hatua ya 8: Maneno chini ya picha

Miaka ya nyuma nilimpiga picha mama mmoja mkaanga samaki, kwa ruhusa yake kamili. Chini nikaandika kuhusu maisha magumu ya wanawake wa pwani. Picha ilimfikia bintiye akiwa ukweni, ndani ya kundi la familia ya mumewe. Nilipokwenda kumwomba radhi, mama hakupandisha sauti. Aliniambia, "Mimi nilikukaribisha samaki. Hukuniambia unanipeleka kwa watu kuwa mimi ni maskini." Alikuwa amesomesha watoto wanne kwa karai lile. Sikumuuliza.

Tangu siku hiyo kila neno chini ya picha nalipitisha kwenye swali moja: je, ningemsomea mwenyewe akiwa mbele yangu?

Andika jina, kazi na anachokifanya, kisha alichosema. Huruma unayoitaka msomaji aipate, ataipata kwenye ukweli wenyewe. Andika mtu mwenye ualbino, mtu mwenye ulemavu, mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, na hilo la mwisho liandikwe tu kama ni kiini cha habari na mwenyewe amekubali kwa karatasi. Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 inayolinda siri ya hali ya mtu kuhusu UKIMWI. Kumtaja mtu mwenye ualbino pamoja na mahali anapolala kunaweza kumweka hatarini kabisa; acha mahali pa jumla.

Aliyekamatwa ni mtuhumiwa. Usimwite mwizi, hata kama kundi zima limemshika na nazi mkononi. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa. Na ukiandika amekamatwa, siku akiachiwa andika pia kwamba ameachiwa, kwa ukubwa uleule.

Kosa jingine lililozoeleka: kuchukua picha ya zamani ya mtu fulani na kuibandika kwenye habari nyingine. Mama alikubali habari ya bei ya kuni. Mwaka unaofuata uso wake unaonekana juu ya habari ya kipindupindu, wateja wanamkimbia. Ridhaa ni ya habari ile. Habari mpya, omba upya.

Na picha uliyotumiwa na mtu, usiichapishe kabla hujaitafuta kwenye programu ya kutafuta kwa picha. Mafuriko ya nchi nyingine yameshawahi kupewa majina ya mitaa yetu.

## Hatua ya 9: Mrudishie kabla hujachapisha

Rudi ukiwa na picha na maneno. Msomee kwa sauti. Akisahihisha jina, umri, jina la kijiji, pokea. Akitaka uondoe jambo linalomhatarisha, ondoa. Kama ni kiongozi anayetaka ufute ukweli unaomkera, hilo ni suala tofauti. Mpe nafasi ya kujibu, andika jibu lake, ukweli ubaki.

Ukichapisha, usiweke alama ya mahali kwenye chapisho na usiunganishe akaunti yake bila kumuuliza. Kaa na simu saa mbili tatu za mwanzo. Matusi, mzaha juu ya mwili wake, mtu anayetaja nyumba yake: futa, na ikibidi funga maoni. Aliyekupa uso wake hana uwezo wa kujitetea kule, wewe unao.

Baada ya siku chache mpelekee picha ya karatasi. Utaona inatundikwa ukutani, na utaona mlango wa mtaa huo hauhitaji tena mwenyekiti wa kukufikisha.

## Hatua ya 10: Akisema "futa"

Siku moja simu italia. "Mwanangu, ile picha naomba uitoe." Jibu ni "Sawa mama, naitoa sasa hivi." Kushangaa, kudai sababu, kumkumbusha karatasi aliyotia sahihi, vyote viache.

Kisha fanya kwa mpangilio huu. Futa chapisho kila mahali ulipoliweka, pamoja na kurasa za marafiki uliowaomba wasambaze. Waandikie waliolichukua, uwaombe walitoe. Kwenye WhatsApp ujumbe hufutika kwa wote ndani ya siku mbili hivi tu tangu utumwe; baada ya hapo itabidi uwaombe watu mmoja mmoja.

Ingia kwenye picha zako, futa ya asili na zile ulizozihariri. Fungua na kapu la zilizofutwa, maana simu nyingi huziweka humo kwa siku 30, na Google Photos huziweka hadi siku 60 kama zilihifadhiwa kule. Tazama na kompyuta ya ofisini na flashi.

Nakala ambazo zimeshakuponyoka, mwambie ukweli kwamba huwezi kuzirudisha. Ulishamwambia siku ya kwanza, kwa hiyo hatashtuka.

Andika daftarini tarehe na saa uliyofuta. Kisha nenda kwake kwa miguu, mwonyeshe kwenye simu mahali picha ilipokuwa, na mrudishie ile karatasi yenye dole gumba lake.